Kondensa Isiyo na Alama

"Hii ni ya nani?"

Swali hilo aliliuliza Santamaya Mukhia siku ya kumi na tatu ya msiba wa mumewe, mchana, sebule ikiwa imejaa madereva waliovua viatu mlangoni. Mkono wa kulia alishika kidude cha bati, kinene kama kidole gumba, chenye mkia mfupi wa waya. Mkono wa kushoto alishika skafu nyeupe, ile ambayo huku kwetu mtu huvikwa shingoni anaposhukuriwa. Kidude hicho kilikuwa kondensa. Fundi aliyeivuta Landrova ya marehemu Birkha kutoka juu mlimani aliikuta ndani ya distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, akamkabidhi mjane akimwambia kwamba hii siyo ya mumeo, mama, haina alama yake.

"Kuna mtu alisimama akampa," Santamaya akasema. "Nataka kumvika hii skafu, basi. Ni ya nani?"

Hakuna aliyejibu. Sangey Yonzon alikuwa amekaa chini ya dirisha, kikombe cha chai ya chumvi mkononi. Alikitazama kikombe kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani yake.

Ili ujue kwa nini kimya kile kilikuwa kibaya, ujue kwanza madereva wa Maneybhanjang, mji wetu ulio chini ya mlima, wanavyoishi. Landrova zao ni za miaka ya hamsini, zilizoachwa na wenye mashamba ya chai, na mpaka leo zinapanda mawe kwenda kilele cha Sandakphu, na ukingo wa mlima uko karibu na tairi kuliko unavyopenda. Wengi walikwisha kuzitia injini za dizeli. Wachache wamebaki na petroli kwa ukaidi tu, na wa petroli wana ugonjwa mmoja, moto wa plagi. Gari linakohoa, linazima, na uko peke yako na upepo. Kwa hiyo kila dereva hubeba kopo. Ndani ya kopo kuna platinamu, vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, rota ya distributa, plagi mbili, waya, na kondensa, kile kidude ambacho kisipokuwepo platinamu zinaungua na cheche inakuwa dhaifu kama mgonjwa.

Na kuna sheria. Haijaandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuivunja mbele za watu. Ukikuta Landrova imekwama, unasimama. Huulizi maswali. Unafungua kopo lako, unamnyooshea mwenzako, naye anachagua mwenyewe. Hata akichukua kilicho bora kuliko vyote, unanyamaza, atakirudisha akipata. Ndiyo maana kila mtu hutia alama spea zake. Birkha alipaka rangi nyekundu ya kucha ya mkewe, Mzee Saila alifunga uzi wa kijani, Sangey alikata mikato miwili kwa tupa. Spea isiyo na alama haina mwenyewe.

Sangey alijua ile kondensa ilikosa alama kwa sababu gani. Ilikuwa mbovu. Nani anatia alama kitu anachotaka kukitupa?

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mwanzoni mwa Machi, saa nne asubuhi, jua limekaa juu ya theluji ya kando ya njia. Sangey alikuwa anashuka na gari tupu, akiwaza wageni wa kesho, wazee wanne waliomwomba awe na gari lisilozimika. Juu kidogo ya kituo cha Gairibas akamkuta Birkha ameinama, kichwa chote ndani ya boneti, magunia ya mchele ya nyumba za wageni nyuma yake.

"Afadhali umekuja wewe," Birkha akasema bila kuinuka. "Angekuja Saila angenihutubia kwanza ndipo afungue kopo. Kondensa yangu imekufa, na ya akiba nayo."

Sangey akacheka, akafungua kopo lake, akamnyooshea. Birkha akageuka, akajaribu kuingiza vidole. Vilikuwa vyeupe, havikunjiki. Alikuwa ameshika vyuma vya baridi zaidi ya saa nzima.

"Nichagulie tu, kaka. Mikono imekufa ganzi, nitakumwagia kila kitu."

Koponi kulikuwa na kondensa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya shaba, baba yake Sangey aliitoa kwenye gari bovu la shamba la chai miaka thelathini iliyopita, na haikuwahi kumwangusha mtu. Ya pili ilikuwa mpya, ya sokoni, aliyokuwa ameitoa garini siku tatu nyuma kwa sababu ilikuwa na tabia moja: ikiwa baridi inawaka kwa kishindo, ikipata moto sawasawa inakufa. Ikipoa inafufuka. Aliiweka koponi ili akamwoneshe aliyemuuzia.

Wapo wanaomtetea Sangey mpaka leo. Wanasema alisimama, na wangapi siku hizi wanasimama? Wanasema kosa la spea mbovu ni la aliyeiuza. Hoja zote mbili ni za kweli, na zote mbili hazifai kitu, kwa sababu kidole chake kiliigusa ile ya shaba kwanza. Kiliigusa, kikaiacha. Mtu asiyejua hafanyi hivyo.

Itamfikisha Kalapokhri, kijiji kinachofuata, alijiambia. Huko wapo wengine.

Birkha aliifunga, akazungusha hendeli mara moja tu, injini ikaitikia. Alifurahi. Alimpa Sangey kipande cha jibini kavu kutoka mfukoni mwake, la kutafuna njiani, akampigapiga begani kwa mikono ile iliyokufa ganzi, akapanda zake. Sangey hakuweza kulitia mdomoni. Alipofika nyumbani alimtupia mbwa wake. Mbwa alilinusa, akarudi nyuma, akakaa mbali akilitazama.

Adhuhuri ukungu ulifunga mlima wote. Landrova ya Birkha ilikutwa siku mbili baadaye kwenye kona iliyo juu ya Kalapokhri, imezimika, boneti wazi. Yeye mwenyewe walimkuta hatua arobaini chini ya njia, ameketi kwenye theluji, kopo lake la spea mapajani. Lilikuwa limefunguliwa. Mkono mmoja ulikuwa umenyooka mbele, kama anampa mtu kitu.

Basi hiyo ndiyo habari aliyokuwa nayo Sangey kifuani siku ya kumi na tatu. Santamaya alipoona hakuna anayejibu, aliikunja skafu, akairudisha kondensa ndani ya kopo la mumewe, akasema aliyempa atajitokeza mwenyewe, labda ana haya.

Birkha aliacha binti, Roshila, wa miaka ishirini na mitatu, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni na cheti chake na mdomo usioshindwa. Mwezi wa tano alikwenda kwenye chama cha madereva akatangaza kwamba gari la baba ataliendesha yeye. Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Mzee Saila, aliyekuwa ametia dizeli miaka kumi iliyopita na hakuacha mtu asahau, alimwambia kwamba Landrova haisikii hoja, binti.

"Wala haisikii matusi," Roshila akamjibu. "Miaka arobaini umeijaribu, babu, imekusikia?"

Akawauliza wamwoneshe ni sheria ipi inayomkataza. Wakatazamana. Akauliza ni nani kati yao aliyezaliwa anajua kupanga platinamu. Wakakohoa tena. Mwisho walimkubalia, kwa sharti apate wa kumfundisha, na Roshila akanyoosha kidole bila kufikiri.

"Baba mdogo Sangey. Yeye alikuwa rafiki ya baba."

Hebu fikiria. Alikuwa na njia ya kukataa, na hakuitumia, maana kukataa kungehitaji sababu.

Alimfundisha vizuri, hapo hana lawama. Alimfundisha kupima nafasi ya platinamu kwa kipande cha karatasi ya pakiti ya sigara, kukausha kifuniko cha distributa kwa kitambaa alicholala nacho ili kiwe na joto, kuisikiliza koili inayozaa cheche kabla haijalalamika. Roshila alishika upesi. Siku moja, wakiwa wameinama pamoja kwenye boneti uani kwao, akalifungua kopo la baba yake akatoa kile kidude kisicho na alama.

"Safari ya kwanza nitatia hii," akasema. "Kwa heshima ya aliyesimama. Mama amekubali."

Akaijaribu palepale. Hendeli mara moja, injini ikanguruma. Injini ilikuwa baridi. Sangey akasikiliza mngurumo ule mzuri mpaka Roshila alipouzima, akaichomoa kondensa, akairudisha koponi.

Maneno yalikuwa machache tu. Inakufa ikipata moto. Maneno matatu. Lakini nyuma ya hayo matatu kulikuwa na swali moja, umejuaje, na jibu la swali hilo lilikuwa limelala kwenye theluji na kopo mapajani. Kwa hiyo Sangey alichagua njia ya waoga, ambayo siku zote inafanana na wema. Akaichukua ile ya shaba, ya baba yake. Akaijaza mikato yake miwili kwa nta ya mshumaa isionekane, akaipaka grisi na masizi ili rangi ya shaba ifichike. Roshila alipoingia ndani kuleta chai, akaibadilisha koponi. Ile mbovu akaitupa bondeni akielekea nyumbani, akaisikia inagonga jiwe, jiwe la pili, kisha kimya.

Usiku huo alilala usingizi mzuri, wa kwanza tangu Machi.

Kesho yake alipanda peke yake kwenda kuchukua wageni Sandakphu. Alipita Kalapokhri saa sita kasorobo. Jua lilikuwepo. Kisha halikuwepo. Ukungu uliingia kutoka upande wa bonde, mweupe, mzito, ukameza mawe, ukameza njia, ukameza boneti ya gari lake mwenyewe. Akapunguza mwendo. Alijua yuko wapi. Alikuwa anaikaribia ile kona.

Injini ikakohoa.

Ikakohoa tena. Ikazima.

Alishuka. Akafungua boneti, joto likampiga usoni. Akafungua kifuniko cha distributa, akatazama. Kondensa iliyokuwa ndani haikuwa na alama. Ilikuwa ileile. Ilikuwa na mkwaruzo mpya ubavuni, kama kitu kilichogonga jiwe.

Aliigusa. Chuma cha injini kilikuwa kimemchoma kifundo cha mkono sasa hivi tu, ngozi inawaka. Ile kondensa ilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa mtoni.

Tik.

Sauti ilitoka mbele yake. Anaijua kila dereva wa petroli. Ni klipu ya distributa ikifunguliwa.

Tik.

Akainua kichwa. Hatua tano mbele, ukungu ulikuwa mwembamba kidogo. Palikuwa na mtu. Ameinama kutoka kiunoni, kichwa mbele, mikono ikifanya kazi, inafungua, inageuza, inapuliza vumbi. Ameinama kama mtu aliye ndani ya boneti.

Mbele yake hapakuwa na gari.

"Nichagulie tu, kaka."

Haikuwa sauti ya kutisha, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, anayeomba kwa adabu. Mtu yule hakugeuka. Alinyoosha mkono mmoja nyuma, kiganja wazi, akingoja. Vidole vilikuwa vyeupe, havikunjiki. Kucha zote tano zilikuwa nyekundu, rangi mbichi, inadondoka kwenye mawe.

Na Sangey, Mungu amsamehe, mazoea yake yalishinda hofu. Mikono yake ilikwenda yenyewe kwenye kopo. Ikafungua. Akatazama amchagulie nini.

Kopo lilikuwa limejaa. Hapakuwa na platinamu. Hapakuwa na rota. Zilikuwa kondensa tupu, kumi, kumi na tano, zimepangana kama meno, zina barafu. Hakuna hata moja yenye alama.

Mkono ule ulikuwa bado unangoja.

Alikimbia. Aliacha gari, aliacha kopo, alishuka kwa miguu mpaka Kalapokhri akiwa na kiatu kimoja. Waliporudi naye madereva watatu, ukungu ulikuwa umeondoka. Landrova iliwaka kwa zungusho la kwanza. Ndani ya distributa ilikuwamo kondensa yake ya kila siku, yenye mikato miwili. Kopo lilikuwa na vitu vyake vya kawaida. Mzee Saila, mmoja wao, alimwambia huo ni umri, mdogo wangu, nunua miwani, na wote wakacheka. Hakuna aliyeuliza habari ya matone mekundu kwenye mawe, matano, yamepangana. Sangey aliyaona. Akayakanyaga.

Nyumbani, alipolimwaga kopo juu ya meza, kitu kimoja kilizidi hesabu. Ile ya shaba. Ya baba yake. Nta ya mshumaa bado imo kwenye mikato.

Kwa hiyo, katika kopo la Roshila, ilikuwemo nyingine.

Alibadilisha mara ya pili. Alibadilisha mara ya tatu, na safari hiyo ile mbovu aliitia katika jiko la kuni akangoja mpaka ikawa nyekundu. Asubuhi ile ya shaba ilikuwa koponi mwake, imelala juu ya vitu vyote, kama mtoto aliyerudishwa kwao na jirani. Ndipo alipoelewa. Hakuwa akizuiwa kumwokoa binti. Alikuwa akizuiwa kumwokoa kimya kimya.

Na asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa ya safari ya kwanza. Mke wa Sangey alimwambia kwamba Roshila ameondoka saa moja, na magunia ya mchele na walimu wawili, amependeza, amevaa koti la baba yake.

Sangey aliendesha kama kichaa. Njia nzima alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kusema. Alitunga uongo mmoja akauacha Chitrey, akatunga wa pili akauacha Tumling. Alipofika Gairibas aliiona Landrova imepumzishwa mbele ya duka la chai, na Roshila kwenye benchi pamoja na walimu wake na Mzee Saila, wanakunywa supu ya tambi. Huko juu, upande wa Kalapokhri, anga lilikuwa limeanza kuwa jeupe.

"Binti," akasema, pumzi imemkatika. "Toa hiyo kondensa. Tia hii."

Roshila aliitazama ile ya shaba, akamtazama yeye. "Kwa nini, baba mdogo? Imenileta mpaka hapa bila hata kukohoa."

"Ni mpya. Za siku hizi haziaminiki."

"Koili yangu nayo ni mpya. Umeninunulia wewe. Mbona hukusema haziaminiki?"

Mzee Saila akacheka ndani ya bakuli lake. Akasema leo mwalimu kapata mwalimu.

"Ikipata moto sawasawa inakufa," Sangey akasema. "Ukipumzika inafufuka, unadhani imepona. Ukitoka hapa hupumziki tena. Itakuzimikia kwenye kona, juu ya Kalapokhri. Tafadhali, mwanangu."

Roshila aliweka bakuli chini polepole. Aliyezoea midahalo huisikia hoja yenye ufa kama fundi anavyosikia silinda isiyowaka.

"Baba aliifunga mara moja, akafa. Hakushuka kuja kutuambia inafanya nini ikipata moto," akasema. "Mimi nimeiwasha uani tu, na leo. Basi nani mwingine amewahi kuendesha nayo? Umejuaje, baba mdogo?"

Mama mwenye duka aliacha kupuliza kuni. Mmoja wa walimu alitazama miguu yake. Ni kimya kilekile cha sebuleni, isipokuwa safari hii Sangey hakuwa na kikombe cha kukitazama.

"Kwa sababu ilikuwa yangu."

Sangey akairudisha ile ya shaba koponi mwake.

"Zilikuwa mbili koponi. Nilijua ipi mbovu. Nilimpa hiyo."

"Hakuchagua mwenyewe?"

"Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Aliniomba nimchagulie."

Roshila aliigeukia Landrova ya baba yake. Watu walidhani atapiga kelele. Wanaomjua walitega masikio. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Alikushukuru?"

"Alinipa jibini."

Aliingiza mkono ndani ya koti la baba yake, akatoa ile skafu nyeupe. Akasema mama alinipa nije nayo, nikimpata njiani aliyesimama nimvike. Mama hakusema lazima awe mtu mwema. Akasimama, akamvika Sangey shingoni, akaikaza vizuri pande zote mbili, kwa utaratibu, kama anavyovikwa mtu wa heshima. Skafu ilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi, na yeye alikuwa amekaa karibu na moto. Ilimgusa Sangey shingo akashtuka. Ilikuwa imelowa. Ilikuwa nzito na baridi, kama kitu kilicholala kwenye theluji siku mbili.

Akalia. Huku analia akafungua kopo lake, akamnyooshea. Roshila alitazama ndani, akachagua mwenyewe. Alichukua ile ya shaba. Akaifunga kwa mikono yake, akawaita abiria wake, akapanda, na hakugeuka nyuma.

Ile isiyo na alama Sangey aliiweka juu ya jiwe mbele ya watu wote, akaipiga nyundo mpaka ikawa bapa kama jani.

Alikaa Gairibas akingoja. Saa sita ikapita, mlima mzima mweupe. Saa nane. Saa tisa na robo simu ya mama mwenye duka ikalia. Alikuwa Roshila, amefika Sandakphu, injini haikukosa hata pigo moja. Hakutaka salamu. Alikuwa na swali moja tu kwa Sangey. Aliuliza ni lini alipopaka rangi ile kondensa, maana amefungua distributa kukagua, na juu ya mikato miwili kuna rangi nyekundu ya kucha, na imemchafua kidole.

Bado ilikuwa mbichi.

Sangey alisema siyo yeye. Kwa mara ya kwanza tangu Machi alikuwa anasema kweli bila kulazimishwa, na hakujua kama anaaminiwa.

Santamaya hajazungumza naye mpaka leo. Alituma neno moja kupitia kwa binti yake, kwamba skafu asiivue akiwa njiani, naye haivui. Ameianika juani, ameianika juu ya jiko. Haikauki. Na kila asubuhi anapofungua kopo lake inakuwemo moja isiyo na alama, yenye mkwaruzo ubavuni, naye huipeleka Gairibas akaipondea kwenye lile jiwe. Zimekuwa rundo. Wapita njia wanadhani ni sadaka.

Hilo lingekuwa lake peke yake, tungesema amepata anachostahili, tukafunga mjadala. Lakini mwezi uliopita Mzee Saila alifungua kopo lake mbele ya duka la chai kutafuta mkanda wa feni. Gari lake ni la dizeli. Halina plagi, halina platinamu, halina kazi na kondensa. Lakini isiyo na alama ilikuwa imelala humo, katikati ya nyuzi zake za kijani, na pembeni yake palikuwa na barafu. Alilifunga kopo haraka. Hakuna aliyemuuliza ni nani aliwahi kumchagulia nini, miaka hiyo yote, naye hakusema. Ila tangu siku ile hacheki.

Basi na wewe, kesho kabla hujawasha gari, fungua kopo lako utazame. Ukiikuta humo isiyo na alama, na ni baridi hata ukiifumbata mkononi, naomba usimpe mtu.